Mugo Haitiki

Mbotela, Nairobi
Jumamosi, 7 Septemba 2024
Asubuhi: mawingu, manyunyu kabla ya saa mbili, baridi ya kuvaa sweta mbili.

Mdogo wangu Eve,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba hao masista wamekupa blanketi la pili. Huku sote tuko. Ndung'u wangu yuko Kariokor na viatu vyake vya akala. Wiki hii amepata tairi nzuri za lori, kwa hivyo ana furaha na nyumba yote inanuka mpira. Mimi namshonea mikanda jioni watoto wakipunguza fujo. Mama alikuja kutoka Kangema Jumanne, akakaa siku mbili, akasema chumba chetu kimekuwa kidogo. Nikamwambia chumba ni kile kile, watu ndio wameongezeka.

Uliniomba habari za watoto mmoja mmoja. Ng'ang'a ana miaka sita na hana meno ya mbele. Amejua kusoma, na sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hata pakiti ya unga, mpaka namwambia apumzishe mdomo. Teresiah ametimiza mwaka. Nimeandika kwenye daftari: hatua nne bila kushika ukuta, Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini. Hatua ya tano alikaa ndani ya karai la vyombo.

Mugo ni Mugo. Desemba anatimiza minne. Jina la Baba limemkaa sawasawa. Unamwita, haitiki. Unamwita tena, anaendelea kupanga vifuniko vya soda kwa mstari, amekupa mgongo. Mama alimwita mara tatu aje kula, halafu akacheka mpaka akafuta machozi. "Mume wangu huyo," akasema. "Alinipuuza miaka thelathini, akafa, na sasa amerudi kunipuuza upya." Watoto wa ploti nao humwita Buda, yaani mzee.

Mimi sicheki sana, sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Mwalimu Wavinya, yule anayefundisha chekechea nyuma ya kanisa, amekubali Mugo awe anaenda asubuhi kwa majaribio. Mwisho wa mwaka ndipo atasema kama atamchukua Januari. Hakuna shule nyingine karibu ninayoweza kumfikisha nikiwa na Teresiah mgongoni. Wewe ulifundisha watoto wadogo miaka minne kabla ya kwenda huko. Niambie mtoto mkaidi hufundishwaje.

Jana nililala saa saba na dakika tano usiku.

Dada yako,
Waringa


Nyumba ya Wanovisi, Nyeri
Jumapili, 29 Septemba 2024

Dada yangu Waringa,

Barua yako ilifika tarehe kumi na nane, lakini wanovisi tunaandika Jumapili ya mwisho wa mwezi tu, kwa hivyo nimekaa nayo ndani ya kitabu cha sala siku kumi na moja. Blanketi la pili nilipewa. Tunaamka saa kumi na moja kasoro robo, tunasali, tunalima, tunafua. Simu zetu zimefungiwa sandukuni mpaka mwaka wa unovisi uishe. Nilidhani nitaililia yangu sana. Kumbe kinachonisumbua ni mikono, inatafuta mtoto wa kushika. Jana nilimfunga mwenzangu kamba za viatu bila kufikiri, akaniuliza kama naumwa.

Nimecheka kwa ajili ya Teresiah na karai. Mwambie Ng'ang'a anisomee pakiti ya majani ya chai nikirudi kutembea.

Habari za Mugo nimezisoma mara nyingi. Nakuuliza kama mwalimu tu: akiwa amekupa mgongo na kitu kizito kianguke, anashtuka? Ukimwita kutoka mlangoni, yeye akiwa anaangalia kwingine, ni mara ngapi kati ya kumi anageuka? Analala mdomo wazi? Ana maneno mangapi? Wewe una daftari, haitakuwa kazi ngumu.

Kuhusu Mama kucheka, na Baba kumpuuza, sina la kuongeza.

Tunawaombea nyote kwa majina,
Eve


Mbotela
Jumamosi, 12 Oktoba 2024
Asubuhi: jua toka saa moja, vumbi, upepo wa kuangusha nguo kambani.

Eve,

Nashukuru barua. Ng'ang'a amesoma bahasha yote, pamoja na muhuri. Teresiah ameacha ukuta, sasa anashika nguo za watu, na Ndung'u ametembea mpaka msalani na mtoto suruali ikiwa imevutwa nusu. Fadumo wa duka la kona anakusalimia. Anasema ukimaliza mambo ya Mungu urudi umlipe simulizi uliyomwachia katikati.

Nimekujibu kwa daftari. Maneno ni ishirini na matatu. La saba kwenye orodha ni "haya," nalo analitumia kwa kila kitu: ukimpa chai, haya; ukimwosha, haya; ukimfungia mlango, haya. Mdomo wazi, ndiyo, na anakoroma kama mzee. Mafua hayaishi. Julai sikio moja lilitoa maji, nikanunua dawa, likakauka.

Hayo mengine sikuyafanya, na sitayafanya. Ukiwa mbele yake anakuelewa vizuri. Nikiinua kikombe nikamwuliza kama anataka, anatingisha kichwa kabla sijamaliza. Kwa hivyo anaweza, basi tu anachagua. Baba pia alikuwa hivyo. Mezani alikuwa mtu wa maana, akianza hadithi humalizi chakula. Akikupa kisogo, umekwisha.

Juzi Ng'ang'a alirudi ndani amekunja uso. "Mathe, Buda amenikaushia. Nimemwambia mpira ni wangu mara kumi."

"Kumi kweli?"

"Sawa, nne. Lakini za kelele."

Nilimwambia amwache mdogo wake, ana jina la mtu mzima. Ng'ang'a akasema, "Hata mimi nina la mtu mzima na naitika." Ndung'u alicheka, kwa sababu Ng'ang'a ni jina la baba yake, na baba yake huitika hata asipoitwa.

Usiniulize kwa nini siwezi kusimama nyuma ya mtoto nigonge sufuria. Uliza mengine.

Waringa


Nyumba ya Wanovisi
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Dada yangu,

Mvua imeanza huku, viazi vimeota, mimi ni mzima. Mwenzetu mmoja ameondoka, amerudi kwao Embu. Hakuna aliyetwambia sababu, kitanda chake tu kilikunjwa.

Leo sina maneno mengi. Mpeleke Mugo kliniki ya masikio. Usingoje Desemba. Mtoto wa karibu miaka minne mwenye maneno ishirini na matatu si suala la tabia. Nilikuwa na mmoja kama huyo darasani, tulimwita mzembe muhula mzima, na bado naona aibu.

Unasema Baba naye alikuwa hivyo. Nimeandika jibu la hilo mara mbili na nimechana mara mbili. Kuna jambo nilimwahidi mtu, na huyo mtu hayupo tena wa kunifungulia ahadi. Kwa hivyo na wewe usiniulize.

Mpeleke tu. Nakuomba kwa magoti.

Eve


Mbotela
Jumamosi, 16 Novemba 2024
Asubuhi: mvua tangu alfajiri, maji mpaka kizingitini, umeme umekatika.

Eve,

Salamu kutoka kwa wote. Mama ana kikohozi lakini anapalilia. Teresiah anakimbia. Ng'ang'a amekuwa wa tano darasani na jino moja limechungulia.

Sasa nikwambie ya Jumatano. Nilikuwa namtoa Mugo chekechea. Mwalimu Wavinya alinisimamisha mlangoni, watoto wakisikiliza.

"Mama Ng'ang'a, huyu wako nikisema simameni, anaangalia wengine kwanza, ndipo asimame. Nikimwita, ananipa mgongo kama mimi ni muuza mboga. Nina watoto thelathini na mmoja. Januari siwezi kuwa na mfalme."

Nikamjibu kwamba amemfuata babu yake. Nilisema kwa sauti ya kujivuna, Eve, ndiyo namna nilivyozoea kulisema.

"Basi babu yake amfundishe," akasema.

Tulirudi na njia ya dukani. Nilimshusha Teresiah nimfunge vizuri mgongoni, Mugo akatangulia, akachuchumaa katikati ya njia kuokota kifuniko. Nyuma yake ulikuwa unashuka mkokoteni wa madumu ya maji, umejaa, na breki zake ni miguu ya mwenyewe. Yule kijana alikuwa anapiga kelele, "Songa! Mtoi, songa!" Watu wote waligeuka, hata mbwa. Mugo alikuwa anafuta kifuniko kwa kidole gumba.

Fadumo ndiye aliyeruka kutoka dukani akamvuta kwa sweta. Gurudumu lilimchubua kifundo cha mguu, hakuna zaidi. Kijana wa mkokoteni alikaa chini. "Mama, nimeita mpaka koo limekauka. Huyu ni mtoto wa aina gani?"

Nikaanza tena. Ni jina, nikasema, ni la babu yake. Fadumo akanishika mkono. "Abaayo, dada yangu, nyamaza kidogo. Mimi nilikuwa naona uso wake. Mkokoteni ulikuwa haupo kwake. Hakuna mtu mkaidi kiasi hicho, hata huko kwenu."

Nimechukua tarehe ya kliniki, ni tarehe tatu Desemba. Nimeiandika, nimeizungushia duara, na kila nikiiona natamani kugeuza ukurasa. Utasema ni mama gani huyu. Ndiyo sababu nakwambia jambo ambalo Ndung'u mwenyewe halijui.

Jumamosi, tarehe 10 Februari 2018, saa nne na nusu asubuhi. Liko kwenye daftari la mwaka ule. Nilikuwa na mimba ya Ng'ang'a na Baba hakuwa akijua. Nilimfuata kazini kule kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali, alikuwa ameinama anapiga mfuniko wa sanduku la bati, la watoto wa bweni. Sikuthubutu kuzunguka mbele aone tumbo. Nilisimama hatua mbili nyuma yake nikauambia mgongo wake kila kitu. Kwamba naenda kuishi na Ndung'u. Kwamba wazee wake watakuja na mahari mambo yakikaa sawa. Kwamba nimekuja kuaga, na naomba baraka yake. Hakugeuka. Alipiga nyundo. Nikajiambia akimaliza atageuka, nikahesabu. Mapigo arobaini na moja, halafu nikaondoka.

Baadaye alikuja kumwona Ng'ang'a, akambeba, tukala pamoja mara nyingi. Lile neno hakulisema na mimi sikulirudia. Mwaka uliofuata akafa. Nilipojifungua mvulana wa pili, desturi ikasema huyu ni baba yako, mpe jina, na nilimpa.

Kwa hivyo Mugo akinipa mgongo, si Mugo ninayemwona. Na hofu yangu ya kliniki si ile unayodhani. Siogopi waseme masikio ni mabovu. Naogopa waseme ni mazima.

Nimelala saa tisa na robo, nikaamka kumi na moja.

Waringa


Nyumba ya Wanovisi
Jumapili, 8 Desemba 2024

Dada yangu Waringa,

Hatuandiki wakati wa Majilio. Nimekwenda kwa Mama Mlezi wa wanovisi, nikapiga magoti, nikamwomba karatasi. Akaniuliza sababu. Nikamwambia nilimwahidi baba yangu siri, na siri hiyo sasa inamuumiza dada yangu na mtoto wake. Akarekebisha miwani. Akaniuliza, "Hiyo ahadi kwa sasa inamlinda nani?" Kisha akanipa karatasi tatu na stempu yake mwenyewe.

Baba alikuwa kiziwi.

Naandika tena ili uamini. Baba alikuwa kiziwi. Sikio la kushoto halikuwa na kitu kabisa, la kulia lilikuwa na kidogo sana, na hicho kidogo kilikuwa kinakwisha. Miaka ishirini na nane ya kupiga bati, na wengine hamsini wakipiga pembeni yake. Wewe ulikuwa shule ya bweni, Mama alikuwa Kangema anamwona mwisho wa mwezi. Mimi ndiye niliyebaki naye kile chumba. Niligundua siku moja nilipoangusha sinia la vikombe nyuma yake, vyote vikavunjika, na yeye akaendelea kumenya chungwa.

Aliniapisha pale pale. Alisema wenzake wakijua watamfanya kichekesho, na wateja watapatana bei nyuma yake. Alisema Mama atamrudisha shamba akae kama mgonjwa. Kumbuka alivyokuwa akikaa: uso kwa mlango, taa upande wa anayeongea. Kumbuka alivyokuwa akishika hadithi asiiachie. Anayesimulia haulizwi maswali. Haya yote nilimsaidia. Mtu akimwita, nilikuwa namgusa mguu chini ya meza. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilijiona hodari sana.

Waringa, ulisema na mgongo wa kiziwi katikati ya nyundo hamsini.

Na sasa lile nililochana mara mbili. Mwezi wa tatu mwaka ule, jioni, alikuwa anapaka mafuta vidole vyake. Akaniuliza, "Waringa aliondoka bila kuniaga. Nilimkosea nini?" Nilimwambia sijui. Kweli sikujua, wala wewe hukuwahi kuniambia. Nilidhani uliondoka kwa hasira, nikaona ni mambo yenu. Kila ulipokuja na Ng'ang'a, ukitoka, alinitazama na kusema, "Labda siku nyingine ataniambia." Alikuwa anakungoja useme, nawe ulikuwa unamngoja.

Ningekuwa nimevunja ahadi mapema, angalau siku ya mazishi, ungelala miaka mitano hii. Hilo ni langu, sikuombi uniondolee leo.

Lakini Mugo mdogo hajashika nyundo maishani. Ana jina la Baba, masikio ni yake mwenyewe. Kama tarehe tatu hukwenda, na nakujua, nadhani hukwenda, chukua tarehe nyingine.

Eve


Mbotela
Ijumaa, 17 Januari 2025
Asubuhi: jua kali, anga haina wingu, nguo zimekauka kabla ya saa nne.

Mdogo wangu Eve,

Tu wazima. Kikohozi cha Mama kimekwisha. Ndung'u amechonga akala ndogo sana za Teresiah, na binti anazivua na kuzitupa nje ya mlango kila dakika kumi, kwa sababu anapenda kuona mtu akiinama.

Tarehe tatu sikwenda. Barua yako nilipata tarehe kumi na tisa na sikuweza kuijibu. Niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya godoro, nikafua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi. Nilikukasirikia wiki mbili nzima. Nimeandika siku zote kumi na nne, na siku ya kumi na tano nimeandika: leo sikukasirika. Basi tuiachie hapo, tutamalizana ukija.

Tulikwenda kliniki Jumanne tarehe saba. Daktari ni binti mdogo, anaitwa Khawla. Kwanza alimkalisha Mugo mapajani pangu, akasimama nyuma yetu na kijiko na kikombe cha bati. Aligonga. Teresiah, aliyekuwa kwa Ndung'u upande wa pili wa chumba, aligeuka. Mugo alikuwa anacheza na kifungo cha blauzi yangu. Aligonga tena karibu zaidi, na mimi nikafumba macho, Eve. Nilikuwa naomba asigeuke. Hakugeuka.

Baadaye walimpima kwa mashine. Kuna maji mazito nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, yametokana na yale mafua yasiyoisha. Daktari Khawla anasema mtoto husikia kama mtu aliyezama kwenye beseni. Amepewa dawa, na tarehe 20 Februari huenda akawekewa vijibomba vidogo vya kutoa hayo maji. Anasema wengi hurudi sawa na maneno huja kwa fujo. Nikamwambia fujo nimeizoea.

Nilimpelekea Mwalimu Wavinya karatasi ya daktari. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Halafu akachukua dawati la nyuma akalivuta mwenyewe mpaka mbele ya ubao, linakwaruza sakafu, watoto wameziba masikio. "Mfalme atakaa hapa," akasema. "Na mimi nitamwangalia usoni nikiongea. Nisamehe, Mama Ng'ang'a, nilikuwa naongea na kisogo." Nikamwambia hata sisi.

Mama nilimpigia simu nikamweleza ya Baba.  Akasema, "Miaka yote nilimtukana nikiwa jikoni, na hakupata hata tusi moja." Nikamsikia akifunika sufuria. "Afadhali," akasema, na akakata.

Jumamosi iliyopita nilimwachia Ndung'u wale wawili, nikamchukua Mugo kwenye vibanda. Mahali pa Baba pana kijana anayetengeneza jiko la makaa. Nilisimama pale pale, hatua mbili nyuma. Nyundo zilikuwa zinapigwa kila upande. Nilitaka kujua, kwa hivyo nilisema jina langu, Waringa, kwa sauti ile ile niliyotumia siku ile. Eve, mimi mwenyewe sikujisikia.

Mugo alikuwa amechuchumaa karibu na vipande vya bati, anavipanga kwa mstari, amenipa mgongo. Sikumwita. Nilizunguka mbele, nikachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, nikangoja aniangalie mdomo.

"Baba," nikamwambia. "Nimekuja kuaga."

Alinitazama vizuri, kama anayesoma. Mkononi alikuwa na kipande cha bati, akakihamishia mkono wa pili.

"Haya," akasema.

Kisha akanyoosha mkono ule uliokuwa mtupu nimwinue, tukaenda nyumbani.

Naongeza hii Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda posta. Jana nililala saa tatu kasoro dakika kumi. Ndung'u anasema watoto walilala baada yangu.

Dada yako,
Waringa